Wafu Wenye Kesi: Mafunzo Niliyopata Nikiandika Hadithi za Mizimu Sondu

Sondu ni mji wa mpakani kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kisii. Hapo Wajaluo wa Nyakach na Wakipsigis wa upande wa Kericho hukutana sokoni kuuziana ng'ombe, mahindi na mananasi. Mto unaoupa mji jina lake hutoka msitu wa Mau, ukateremka magengeni hadi Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Hapa ndipo nilipolelewa, hapa ndipo ninapofundisha Kiswahili, na hapa ndipo ninapoandika hadithi za kutisha.

Mara nyingi naulizwa kwa nini, katika zama hizi za filamu za mazombi na michezo ya simu iliyojaa damu, bado naandika habari za mizimu ya kale: bibi harusi aliyezama mtoni, kikongwe aliyenyimwa chakula, msichana aliyezikwa nje ya boma. Jibu langu ni kwamba hao ndio ambao wasomaji hawawasahau. Mazombi huja na kupita kama mitindo ya nguo. Mzimu wenye kisa cha huzuni hurithishwa, nyanya akampa mjukuu, naye mjukuu akampa mwanawe. Kwa miaka mingi ya kusikiliza, kuandika na kusoma hadithi hizi mbele ya watu, yafuatayo ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Mzimu huja na madai

Simulia Sondu kwamba fulani ametokewa usiku, na swali la kwanza halitakuwa juu ya sura ya kilichoonekana. Watu watauliza: "Alikufaje? Nani alimkosea?" Wajaluo humwita jachien marehemu anayerudi kuwasumbua walio hai, na kwa mafundisho ya wazee hasumbui ovyo. Alidhulumiwa, akafa na kinyongo, na anaowafuata ni waliomtenda au watu wa nyumba yao. Jambo hili lilimvutia hata mwanaanthropolojia wa Uingereza, E. E. Evans-Pritchard, ambaye mwaka 1950 alichapisha makala juu ya kisasi cha mizimu miongoni mwa Wajaluo.

Hapa ndipo mzimu wa aina hii unapolizidi nguvu lile jitu la kwenye filamu. Jitu hula yeyote aliye karibu. Mzimu wa kwetu una anwani. Unajua mlango wa kubisha, na aliye ndani anajua kwa nini umebishwa. Ndiyo maana kila ninapoanza hadithi mpya naanza na dhuluma yenyewe: shamba la mjane lililouzwa kwa siri, mtoto aliyekataliwa na baba yake, mgonjwa aliyeachwa afe ili mali igawanywe mapema. Dhuluma ikisimama imara, nyayo za mzimu hupata njia zenyewe.

2. Huruma ndiyo inayobeba hofu

Jioni moja umeme ulipotea wakati wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakiwa kwenye masomo ya ziada. Tuliwasha taa ya simu, nikawasomea hadithi mbili. Ya kwanza ilimhusu chemosit, zimwi la mguu mmoja ambalo Wakalenjin huwatishia watoto. Walipiga mayowe, wakagongana mabega, wakacheka, na baada ya dakika chache walikuwa wameshaliacha.

Ya pili ilimhusu bibi harusi aliyesombwa na mto wakati wa kuvushwa kupelekwa kwa mumewe. Wenzake walivuka, wakaogopa maji, wakaenda zao. Tangu siku hiyo, mto ukijaa, huketi kwenye jiwe la kivukoni akiwauliza wapitao nyimbo za arusi zimeelekea wapi.

Hakuna aliyepiga mayowe. Darasa lilikuwa kimya, kisha msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, mbona hakuna aliyerudi kumtafuta?" Mvulana mmoja akamjibu kwamba mto ulikuwa umejaa, wangekufa wote. Mwingine akasema bwana arusi angalau angengoja maji yapungue. Msichana yule hakuridhika. "Walikuwa wamelipa ng'ombe," akasema, "lakini hawakumngoja." Umeme uliporudi bado walikuwa wakibishana, na siku kadhaa baadaye walinifuata wakitaka kujua kama kuna siku atafika kwa mumewe.

Kutoka darasa lile niliondoka na kanuni ninayoifuata mpaka leo. Hofu tupu huisha kukipambazuka. Hofu iliyobebwa na huruma humfuata msomaji nyumbani, kwa sababu anajiuliza angefanya nini kama angekuwa ng'ambo ile ya mto. Mwandishi akitaka watu waogope, kwanza awafanye wampende aliyekufa.

3. Wanaorudi ni wale walionyimwa mahali

Kwa mila za Wajaluo, msichana mtu mzima akifa kabla ya kuolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake pamoja na wengine. Kaburi lake huchimbwa nje ya uzio au pembezoni kabisa. Wazee walihofia kwamba roho yake, isiyo na nyumba ya mume wala nafasi kwao, ingewahangaisha walio hai.

Kwetu palikuwa na kaburi la namna hiyo, la shangazi aliyefariki kabla sijazaliwa. Lilikuwa nyuma ya uzio wa minyaa, ile miti yenye utomvu mweupe unaowasha macho, kando ya njia ya kuteremka mtoni. Halikuwa na saruji wala msalaba; tuta la udongo tu, na mawe matatu. Nyanya alipokuwa akienda kuteka maji aliuweka mtungi chini, akainama, akang'oa magugu yaliyochipuka juu ya tuta, akayatupa kando, akauchukua mtungi na kuendelea na safari. Hakuwahi kupita bila kufanya hivyo.

"Nyanya," nilimuuliza, "kwa nini shangazi hakuzikwa ndani?"

"Mjukuu wangu, binti kwao ni kule anakoolewa."

"Na asipoolewa?"

Alijitwisha mtungi kwanza. "Basi mama yake ndiye hupalilia," akasema.

Sijapata kusoma kitabu kilichonieleza asili ya mizimu ya kike vizuri kuliko jibu hilo. Jamii ilimweka msichana nje, kisha ikamwogopa kwa sababu yuko nje. Tazama nchi za mbali na utakuta dada zake. Nchini Thailand, watu wa Bangkok wanamtukuza Mae Nak wa Phra Khanong, aliyekufa akijifungua wakati mumewe yuko vitani, na mume aliporudi akamkuta mke na mtoto wakimngoja nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea. Ana mahali pake pa ibada hadi leo katika hekalu la Wat Mahabut, na kisa chake kimefanywa filamu mara nyingi, mojawapo ikiwa Nang Nak ya mwaka 1999. Nchini Japani, Oiwa aliyelishwa sumu ili mumewe aoe kwingine alipandishwa jukwaani mwaka 1825 katika tamthilia ya Yotsuya Kaidan, na tangu hapo hajashuka. Waigizaji huenda kumpa heshima kabla ya kuucheza mchezo wake.

Wengi wa mizimu hii ni wanawake, na sababu haina fumbo. Wao ndio walioolewa bila kuulizwa, wakafa katika uzazi, wakaachwa, wakanyimwa urithi, na kwa muda mrefu hapakuwa na baraza ambapo wangesimama kusema. Hadithi iliwapa baraza. Mwanamke ambaye hakusikilizwa akiwa hai anasikilizwa akiwa mfu, na nyumba nzima inatetemeka akisema.

4. Hadithi ikiwa na mahali pa kugusa, haifi

Ukanda wetu wa ziwa una bahati kubwa: visa vyake vina anwani za ardhini. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo ndani ya shimo la volkano, ambapo heroe huja kula. Wenyeji wanasimulia kwamba palikuwa na kijiji. Usiku wa karamu alifika kikongwe mchovu akiomba chakula na mahali pa kulala, wakamfukuza, ila mwanamke mmoja akamkaribisha. Kikongwe akamwonya aondoke na watu wake, mvua ikanyesha, na kijiji kikazama na ngoma zake. Huko Gwassi husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini aliyevua kikongwe katika mtego wake, akatajirika kwa baraka zake, kisha akamtukana akiwa mlevi. Yule mama akarudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini. Huko Seme, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, majabali ya Kit Mikayi yamesimama kama ghorofa, maji yakichuruzika kwenye nyufa zake, na watu husema ni machozi ya mikayi, yaani mke wa kwanza.

Nimewapeleka vijana Simbi. Wakifika ukingoni sauti zao hushuka zenyewe. Maelezo ya kijiolojia wanayajua, wamefundishwa darasani, na hayawazuii kuutazama ule uso wa maji na kuwawazia watu waliokuwa wakicheza ngoma mgeni akiwa mlangoni. Mahali hufanya kazi ambayo maneno pekee hayaiwezi: humwambia msomaji kwamba dhuluma ilitendeka hapa, juu ya ardhi hii unayoikanyaga.

Mahali hubadilika pia, na hadithi hubadilika napo. Maji ya mto Sondu yalipogeuzwa kuingia kwenye handaki la kituo cha umeme cha Sondu-Miriu, chenye uwezo wa megawati 60, wahandisi walijadili umeme, samaki na fidia za mashamba. Mzee mmoja jirani yetu aliuliza swali lake mwenyewe: wale waliokuwa wakiishi kwenye maporomoko wataenda wapi? Mimi nililichukua swali lile kwa uzito. Limenipa hadithi kadhaa, na katika kila moja mzimu ni mkimbizi.

5. Ziwa linawakumbuka wasiozikwa

Mwanafunzi wa hadithi za kutisha hahitaji kwenda mbali kutafuta mafunzo ya sauti. Afike tu kijiji cha kando ya ziwa usiku wa nyawawa. Hizo ni roho ambazo watu wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wanaamini hutoka ziwani usiku na kupita vijijini kama upepo. Wazee huonya kwamba ukisikia unaitwa jina usiitike.

Nilikuwa kwa mama mkubwa, Nyakach ya Chini, usiku mmoja zilipopita. Tulianza kusikia makopo yanayogongwa kuzifukuza, mbali upande wa ziwa, kama mvua inayoanza. Kisha kijiji kilichofuata kikapokea, kisha chetu. Mama mkubwa aliruka kitandani, akashika sufuria kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine, akafungua mlango nusu, akapiga kwa nguvu zake zote. Majirani waligonga mabati, madebe, milango, majembe. Mbwa walibweka. Hakuna aliyetoka uani. Kelele zilipotuvuka na kuhamia kijiji cha juu, mama mkubwa alirudisha sufuria mahali pake, akaketi ukingoni mwa kitanda akihema. "Ni watoto wa watu," akasema. "Wanatafuta kwao."

Wapo wanaosema nyawawa ni waliozama ziwani wakakosa kuzikwa. Anayeijua historia ya maji haya haoni ajabu. Kila msimu wavuvi hupotea na mitumbwi yao. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikachukua roho za watu zaidi ya 800, na wengi hawakupatikana kuzikwa. Familia kandokando ya ziwa, katika nchi zote tatu, zina mtu ambaye kaburi lake ni maji.

Katika sauti zile za sufuria niliona jambo ambalo filamu nyingi za kigeni zimelisahau. Kijiji kizima kilikuwa macho kwa pamoja. Mzimu wenye kisa haumkuti mtu mmoja peke yake ndani ya jumba kubwa. Unawakuta jirani kwa jirani, na wanaulaki kama jamii. Huo ni utajiri kwa mwandishi wa Afrika Mashariki. Asiuache aende kuazima majumba matupu.

6. Mzimu wa jirani una machozi kama wa kwetu

Kila mtoto wa Kijaluo anajua habari za Luanda Magere, shujaa wa Kano aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ilimgonga ikaruka. Maadui, ambao wasimulizi huwaita Lang'o na wengine huwataja kuwa Wanandi, walimpa msichana mrembo awe mke kwa kisingizio cha amani. Siku alipougua, msichana akagundua kwamba nguvu zake zi katika kivuli, akatoroka usiku akawaambia kwao. Vitani walikichoma kivuli, na shujaa akageuka jiwe. Jiwe hilo lipo mpaka leo katika nyanda za Kano.

Upande wetu hadithi husimuliwa kwa uchungu wa usaliti. Mimi naishi mpakani, na mpakani mtu hujifunza kuisikia hadithi kwa masikio mawili. Rafiki yangu wa Kikipsigis, tuliyesoma naye, aliniuliza swali moja sokoni tukila muwa: "Na yule msichana, ninyi mlimlilia?" Ndipo nilipoanza kumfikiria. Alitolewa na baba zake kama silaha. Alilala nyumba moja na mtu ambaye yeye aliagizwa kumuua. Alikimbia gizani akijua kwamba huko aendako atapongezwa na huko atokako atalaaniwa milele. Huyo naye ni mzimu, na hana jiwe.

Niliandika hadithi yake, nikaisoma mbele ya vijana wa pande zote mbili. Sondu imeshuhudia mapigano ya mpakani, nyumba zikachomwa, mifugo ikaibwa, watu wakauawa, na wale vijana walikuwa na kumbukumbu hizo. Hadithi haikuponya yote. Lakini kwa saa ile walimlilia mtu mmoja kwa pamoja. Nyumba za Kikipsigis na za Kijaluo zote huwapa watoto wachanga majina ya waliotangulia, zikiamini kwamba mfu ana haki ya kukumbukwa. Wenye imani hiyo kwa pamoja wanaweza kusikizana vilio.

7. Kilio cha wafu kimewahi kufika mahakamani

Asiyeamini kwamba mizimu ina uzito katika maisha ya leo na asome kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Kwa miezi mitano mwili ulikaa mochari huku mawakili wakibishana, magazeti yakichapisha ushahidi kila siku na nchi nzima ikifuatilia. Miongoni mwa yaliyosemwa mbele ya jaji ni kwamba mtu asipozikwa nyumbani kwa baba zake, mzimu wake utawaandama jamaa. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987.

Nikiifundisha kesi hii huwaambia wanafunzi wasiharakishe kuchagua upande. Kulikuwa na ukoo uliohofia marehemu asiye na makao, na kulikuwa na mjane aliyenyimwa haki ya kumzika mume wake wa miaka mingi. Mzimu uliohofiwa ulitajwa wazi. Uchungu wa mwanamke aliye hai ulishindwa. Mwandishi anayetafuta kisa cha kutisha anakipata hapo, wala hahitaji kuongeza hata mwujiza mmoja.

8. Mzimu humtetea mnyonge. Hadithi ya mchawi humwinda

Hili ndilo funzo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Hadithi za kutisha si mchezo mtupu katika eneo letu. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, jirani zetu kabisa, vikongwe wanne waliuawa na umati waliposingiziwa uchawi. Huko Kilifi pwani, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizo hizo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotamaniwa.

Sasa weka hadithi mbili sambamba. Ya kwanza inasema: kikongwe wa peke yake ni hatari, mwogope, mfukuze. Ya pili ni ile ya Simbi Nyaima. Inasema: kikongwe wa peke yake amekuja mlangoni mwako, na ukimfukuza utazama. Zote mbili zinatisha, zote zina kikongwe na usiku. Lakini moja humwandaa kijana kushika kiberiti, na nyingine humwandaa kufungua mlango.

Wazee waliotunga kisa cha Simbi walijua walichokuwa wakikifanya. Waliiweka hofu upande wa mwenye nguvu, yule mwenye chakula, ngoma na nyumba. Sisi tunaoandika leo tuna wajibu uleule. Kila nikimaliza hadithi najiuliza: msomaji akifunga kitabu, atamwogopa nani? Kama atamwogopa ajuza wa jirani anayeishi peke yake na paka wake, naichana. Kama ataogopa kuwa mtu aliyemnyima ajuza huyo maji, naipeleka kwa mchapishaji.

9. Mzimu hautulizwi kwa hila. Hutulizwa kwa haki

Hadithi nyingi za siku hizi huishia kwa mzimu kuchomwa, kufungwa kwenye chupa au kukemewa ukatoweka. Mwisho wa namna hiyo humwacha msomaji na njaa, kwa kuwa madai hayajajibiwa. Mila zetu zilidai zaidi. Aliyekosewa aliombwa radhi, deni likalipwa, mtoto akapewa jina lake, mifupa ikarudishwa nyumbani. Ndipo familia ikalala.

Grace Ogot, mama wa fasihi ya kanda hii ya ziwa, aliliona hili mapema. Katika "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa mwaka 1968, binti wa chifu aitwaye Oganda anatolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Zimwi lenyewe haliundiwi sura. Kinachomtisha msomaji ni jamaa wanaomshangilia binti kana kwamba anaolewa, na njia ndefu anayoitembea peke yake kuelekea majini. Na anayemwokoa si mganga wala shujaa wa jeshi. Ni kijana anayempenda, aliyeamua kumfuata wakati kila mtu amemwacha.

Nikimkumbuka yule mwanafunzi aliyeuliza mbona hakuna aliyerudi kumtafuta bibi harusi, naona yeye na Grace Ogot waliuliza swali moja. Hadithi nzuri ya mzimu ni ile inayomfanya msomaji awe mtu wa kurudi.

Neno kwa msomaji

Mizimu yenye kisa itaendelea kupendwa maadamu kuna watu wanaokufa bila kusikilizwa, na siku hizo hazijaisha. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Kama una nyanya, babu, shangazi au mjomba anayezijua hadithi za kwenu, keti naye mwezi huu, umsikilize, uandike jina la aliyekufa, mahali alipofia na kosa alilotendewa, kwa maneno yake mzee mwenyewe. Na kama wewe ni mwandishi, usimuumbe mzimu bila kujua unadai nini na unamdai nani. Halafu tazama kijijini kwako ni nani leo ananyimwa shamba, maziko au mlango wa kubisha, umsaidie akiwa hai. Haki ikitendeka mapema, hakuna atakayelazimika kurudi kuidai usiku.